Miji kushirikiana kwenye utalii na urithi: saini ziwe mwisho

Miji mingi inaanzia mwisho. Mameya wanakutana, wanasaini, wanapiga picha na vile vibendera vya mezani, alafu faili linaingia kabatini na ndo basi tena. Kama we ndo umekabidhiwa hii kazi, pindua mpangilio.

Kwanza tafuta mji wenye tatizo kama lako, achana na majina makubwa. Tuseme meli za kitalii zinakushushia maelfu ya watu asubuhi na jioni wote wameshaondoka, nenda kaongee na bandari nyingine inayoteseka hivyohivyo. Dubrovnik, mji wa bandari kule Kroatia, 2019 walikaa na kampuni za meli wakakubaliana zisizidi mbili kwa wakati mmoja na abiria wasipite 4,000, Italia nayo 2021 ikapiga marufuku meli kubwa kupita katikati ya Venice, na 2024 Venice wakaanza kumtoza mgeni wa kutwa euro 5 kwa siku zile zinazofurika. Sasa shida ni kwamba ukibana peke yako meli inahamia kwa jirani, na jirani atachekelea mpaka na yeye azidiwe, kwahiyo huyo jirani ndo wa kuongea naye mapema.

Mkishapatana, kubalianeni mnahesabu nini. Mmoja akihesabu tiketi za makumbusho na mwingine vitanda vya hoteli mtabishana mwaka mzima.

Pesa ya safari wapeni mafundi kabla ya wakubwa (najua hapa patakuwa na kelele). Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa ukipigwa plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inaanza kuchanua kama unga mweupe, plasta inavimba alafu inabanduka vipande vipande na jiwe linaondoka nayo. Ripoti inaweza kuandika haya yote vizuri tu ila mkono wa fundi haujifunzi kwa ripoti, unajifunza akikaa wiki mbili na mwenzake aliyezoea chokaa, wakichanganya wote, wakisubiri ikauke, wakiona wapi imepasuka.

Kitu kingine kinacholipa ni kugawana wageni. Miji ya Hansa (umoja wa zamani wa miji ya biashara kaskazini mwa Ulaya) ilifufua umoja wao 1980 kule Zwolle, Uholanzi, na tamasha lao kila mwaka linahamia mji mwingine, hivyo hata mji mdogo zamu inaufikia. Nyie anzeni na njia moja tu inayounganisha miji yenu, na mgeni apate sababu ya kulala huku na kule.

Makubaliano yenyewe kurasa mbili zinatosha: nani anafanya nini, nani analipa, lini mnakaguana. Na kila upande andikeni maafisa wawili, sio mmoja, maana huyo mmoja akihamishwa idara mtaanza upya kutafuta nani ana lile faili.