Soma makadirio ya maji kabla hujalipa

Mimi ni fundi bomba hapa Arusha. Wateja huniletea karatasi ya makadirio ya gharama za kuunganishiwa maji wakiwa wameshakatishwa tamaa na jumla iliyo chini. Ndugu yangu, anza juu, kwenye umbali. Bomba la mtaa liko mita ngapi kutoka kiwanjani kwako? Hapo ndipo hela nyingi inapoishia: bomba, viungio, kuchimba mtaro. Mwombe mpimaji mtembee pamoja njia aliyoipima. Ukiona iliyo fupi, mwambie palepale, kabla karatasi haijagongwa mhuri. Majirani wakihitaji pia, ombeni kwa pamoja. Lipa kwa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, usimpe mtu fedha mkononi.

Na miradi mikubwa je, hela yake hutoka wapi? Mradi mkubwa wa maji wa jiji letu ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, si kwa bili zetu. Upo pia Mfuko wa Taifa wa Maji, unaochangiwa shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa hiyo hata bodaboda anachangia.

Bei ya uniti, AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha, hupendekeza, na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, huidhinisha baada ya kuitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kusikiliza maoni ya wananchi. Nenda, na ubebe bili zako.