Kupanga Siku Moja Old Faithful, Yellowstone

Eneo hili la Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, Marekani, lina gaiza, yaani chemchemi zinazorusha maji moto hewani, na ratiba yako huamuliwa na maji hayo. Kwa hiyo ukishaegesha gari, anzia kituo cha wageni usome ubao wa makadirio. Chakula na duka havikimbii.

Gaiza ya Old Faithful huruka kila baada ya dakika 90 hivi, na makadirio yake huweza kukosea kwa dakika 10, mbele au nyuma. Mruko usiofika dakika 2 na nusu huacha maji mengi chini, kwa hiyo unaofuata huja mapema, baada ya saa moja na kidogo. Mruko mrefu huyamaliza, na mifereji ya ardhini huchukua muda zaidi kujaa na kupata moto upya.

Wengi huondoka hapo, nao hukosa uhondo. Nakili pia saa za gaiza nyingine: Grand, Daisy, Castle na Riverside. Kama una nafasi ya moja tu, basi iwe Grand. Fika mapema, ukae. Jirani yake Turban hujaa na kupungua mara kwa mara. Ikifurika, kodolea macho kidimbwi cha Grand. Vijiwimbi vikianza kupiga ukingo, usibanduke. Mruko wa Grand hudumu dakika 9 hadi 12, na kosa la kawaida ni kuinuka inapokatika: mara nyingi hunyamaza kidogo, kisha hulipuka tena. Riverside yenyewe hutoa dalili mapema, maji yakimwagika ukingoni saa moja au zaidi kabla.

Usitoke kwenye njia za mbao hata kufuata kofia. Ukoko wa ardhi ni mwembamba, na maji yaliyo chini yake hufikia nyuzi 93 za Selsiasi, ambazo kwa mwinuko huu ndizo za kuchemka. Nyati wakilala njiani, baki mita 23. Dubu na mbwa mwitu, mita 91. Tena, mvuke ukigusa lenzi au miwani, futa papo hapo: silika, madini yaliyomo kwenye maji hayo, ikikauka haitoki.

Hoteli ya Old Faithful Inn, kazi ya msanifu Robert Reamer, ilifunguliwa 1904. Si lazima ulale humo ili uingie. Simama katikati ya ukumbi utazame juu: magogo na matawi yaliyopinda hupanda karibu mita 23, kando ya dohani la mawe la tani 500 hivi. Ngazi za juu kabisa wageni hawapandi tangu tetemeko la 1959. Roshani iliyo juu ya mlango mkuu inaitazama Old Faithful, wahi kiti.

Hoteli hufungwa majira ya baridi, na vyumba huisha miezi mingi kabla. Ukikosa, chungulia kila siku, kwani watu hughairi. Uliza pia kuhusu bafu: vyumba kadhaa vya jengo la mwanzo hutumia la pamoja, mwisho wa korido.