Kuhesabu fagi kwa agari ya tabaka mbili

Fagi ni virusi vinavyoshambulia bakteria. Hata ukizihariri jeni kwa ustadi gani, hazifai kitu wodini, kama dawa ya kuua bakteria wa mgonjwa, kama hujui ziko ngapi kwenye mililita moja. Mfano huu ni wa fagi lambda na E. koli K-12, jozi ya kujifunzia.

Otesha bakteria usiku kucha kwa nyuzi 37 kwenye mchuzi wa LB (chakula cha majimaji cha bakteria) wenye maltosi asilimia 0.2 na magnesi salfeti milimola 10. Maltosi si urembo: lambda hujishikiza kwenye mlango ule ule ambao bakteria huingizia sukari hiyo. Ukitia glukosi, milango hupungua na vidoa, yaani matundu ambayo fagi huacha kwenye utando wa bakteria waliokufa, havionekani, kisha lawama zinaiangukia fagi bure.

Zimua mikrolita 100 za fagi kwa mikrolita 900 za bafa (maji yanayotunza kiwango cha asidi) yenye magnesi, kila tyubu ikichota kutoka iliyotangulia, hadi ya sita; kila hatua hupunguza fagi mara kumi, ya sita mara milioni. Badilisha ncha ya pipeti kila mara. Ncha ya zamani hubeba fagi na hesabu huvimba.

Mikrolita 100 za tyubu ya sita zichanganye na mikrolita 200 za bakteria, uache dakika 20. Ongeza mililita 4 za agari laini (jeli ya kuoteshea bakteria, asilimia 0.6) iliyopozwa hadi nyuzi 47, mwaga papo hapo juu ya sahani kavu ya agari ya asilimia 1.5. Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Ikiwa na nyuzi 60 bakteria hufa. Ikipoa mno inatoka na mabonge kama uji wa jana. Sahani nyingine iwe ya bakteria peke yao: ikitoa vidoa, kuna kilichochafuka.

Kesho yake hesabu sahani yenye vidoa 30 hadi 300. Vidoa 84 vya mililita 0.1 kutoka tyubu ya sita: 84 gawanya kwa 0.1, zidisha kwa milioni, unapata fagi milioni 840 kwa mililita.

Tazama na sura. Lambda asilia huacha kidoa chenye ukungu, kwa kuwa baadhi ya bakteria huihifadhi ndani ya jeni zao wakapona. Ukiinyofoa cI, jeni inayoituliza fagi ndani ya bakteria, kidoa hung'aa bila ukungu. Fagi ZoeJ na BPs ziliondolewa jeni ya namna hiyo kabla ya kumtibu msichana wa Uingereza aliyeshambuliwa na Mycobacterium abscessus baada ya kupandikizwa mapafu. Taarifa ilichapishwa 2019. Ukiona ukungu kwenye fagi uliyoihariri, dona kidoa kimoja king'aavu, kioteshe upya, uhesabu tena.