Namna ya Kuchagua Wafanyakazi wa Kupunguzwa Pasipo Kumwonea Mtu

Katika zoezi la kupunguza wafanyakazi, orodha ya majina inapaswa kuwa kitu cha mwisho kuandikwa, lakini katika kampuni nyingi ndiyo inayotangulia. Mkurugenzi huketi na mkuu wa fedha, wakakubaliana kwamba mishahara ipungue kwa kiasi fulani, kisha kila mmoja akawataja wale anaoona kwamba kampuni itakwenda hata wasipokuwepo. Sababu, vigezo na vikao na chama cha wafanyakazi hutafutwa baadaye ili kufunika uamuzi uliokwisha kupita. Mwongozo huu unaeleza utaratibu ulio kinyume cha huo, kwa ajili ya mwajiri wa Tanzania anayebanwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, ingawa sehemu kubwa yake itamfaa pia mwajiri wa Kenya.

Anza na sababu. Sheria inamruhusu mwajiri kusitisha ajira kwa mahitaji ya uendeshaji, yaani pale mauzo yanapoanguka, teknolojia mpya inapochukua nafasi ya kazi za mikono, au muundo wa kampuni unapobadilika. Iandike sababu hiyo katika ukurasa mmoja, kwa namna ambayo mtu wa nje atakayeisoma aweze kutaja mwenyewe ni kazi zipi zinazokwisha. Kusema tu kwamba gharama zimekuwa kubwa hakutoshi, kwa kuwa gharama ziko kila idara na maneno hayo hayaelekezi popote. Na ukiona kwamba maelezo yako yanaanza kumchora mtu, kwamba ni mkaidi, mzembe au haelewani na wenzake, simama hapo hapo, kwa maana hilo ni suala la nidhamu au la utendaji, nalo lina njia yake ya kuonya, kushitaki na kumsikiliza mhusika. Mwajiri anayempitisha mtu wa namna hiyo katika mlango wa kupunguza hulazimika kumlipa kiinua mgongo, na baadaye huulizwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni kwa nini nafasi ileile ilitangazwa tena miezi michache baada ya kudaiwa kwamba imefutwa.

Sababu ikishajulikana, hatua inayofuata ni kuainisha kundi la kuchagulia, na hapa ndipo dhuluma nyingi hufanyika bila mtu kukusudia. Chukulia kampuni ya kusambaza vinywaji yenye maghala matatu jijini Dar es Salaam, Mbagala, Ubungo na Kigamboni, ambayo imeamua kufunga ghala la Mbagala. Jambo jepesi ni kuwaondoa wote wa Mbagala, na wengi hufanya hivyo wakiamini kwamba ghala limejichagulia lenyewe watu wa kuondoka. Lakini mtunza ghala wa Mbagala ana miaka 9 kazini, wakati mwenzake wa Ubungo, mwenye cheo kilekile, mshahara uleule na majukumu yaleyale, aliajiriwa mwaka jana, na pengine mwaka huo wangeweza kubadilishana vituo kwa barua ya mistari miwili. Kinachopungua katika kampuni hiyo ni nafasi moja ya mtunza ghala kati ya nafasi tatu, kwa hiyo watunza ghala wote watatu wanaingia katika kundi moja na kupimwa pamoja. Kanuni nzuri ya kufuata ni kuuliza nani wanaoweza kufanya kazi ya wenzao bila mafunzo marefu. Hao wote ni kundi moja, popote wanapokaa. Dereva wa lori na karani wa mauzo hawawekwi pamoja hata kama mishahara yao inalingana.

Kabla ya kwenda mbele zaidi, wafanyakazi wenyewe wanapaswa kuwa wameshaambiwa. Sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama kinachotambuliwa mahali pa kazi, na pia na wale wasiowakilishwa na chama chochote. Mashauriano hayo yanahusu sababu za kupunguza, hatua za kuepusha au kupunguza makali yake, njia ya kuchagua watakaoondoka, muda wa utekelezaji na malipo ya kiinua mgongo. Msomaji aone kwamba kinachojadiliwa ni njia ya kuchagua, si majina, na hilo lina faida kwa pande zote mbili, kwa kuwa ni rahisi watu kukubaliana juu ya kipimo wakati hakuna anayejua kitamwangukia nani. Makubaliano yakishindikana, suala hupelekwa kwenye usuluhishi mbele ya Tume, na ndani ya siku 30 za usuluhishi huo hakuna anayeondolewa. Katika vikao hivi pia ndipo huzungumzwa kusitisha ajira mpya, kupunguza saa za ziada, kuhamisha watu au kuwaomba wanaopenda kuondoka kwa hiari yao wajitokeze. Hilo la mwisho lina hatari yake, kwa sababu wanaojitokeza kwanza mara nyingi ni mafundi hodari ambao tayari wana pa kwenda, hivyo mwajiri ajiwekee haki ya kukataa maombi na aitamke mapema.

Kigezo kinachojulikana zaidi ni kwamba aliyeingia mwisho hutoka kwanza. Wapo wanaokidharau kwa kusema kwamba kinamlinda mzee mvivu na kumfukuza kijana mchapakazi, lakini kina sifa ambayo vigezo vingine havina: tarehe ya kuajiriwa haipendelei mtu, na haibadiliki meneja akibadilika. Kanuni za 2007 zinakitambua, pamoja na kuruhusu kampuni ibakize kazi muhimu, uzoefu, ujuzi maalumu na sifa za kitaaluma. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inaagiza katika kifungu cha 40 kwamba uangaliwe muda wa utumishi pamoja na ujuzi, uwezo na kutegemeka kwa kila mmoja katika kundi husika. Maoni yangu ni kwamba muda wa utumishi uwe msingi, na yeyote anayetaka kumruka mtu wa muda mrefu aandike kwa nini: kwamba, kwa mfano, huyu aliyeajiriwa mwaka jana ndiye pekee mwenye cheti cha kuendesha mtambo wa ubaridi, na mtambo huo unabaki.

Utendaji unaweza kutumika, ila kwa sharti moja ambalo halina msamaha. Tathmini itakayotumika iwe ilikwisha kufanyika kabla ya mpango wa kupunguza kuzaliwa, ikasainiwa na mfanyakazi, na iwe imewagusa wote walio katika kundi. Kampuni ambayo haina tathmini za namna hiyo isianze kuzitengeneza sasa. Itumie muda wa utumishi na ujuzi, basi. Mahudhurio nayo yahesabiwe kwa uangalifu, kwa kuwa mwanamke aliyekuwa katika likizo ya uzazi ya siku 84, au aliyejifungua pacha na kupewa siku 100, hawezi kupungukiwa alama kwa siku ambazo sheria yenyewe imempa, na mgonjwa aliyekuwa likizoni kihalali vivyo hivyo.

Vigezo vilivyokatazwa vinafahamika: uanachama wa chama cha wafanyakazi, ujauzito, dini, kabila na mengineyo ya ubaguzi. Vigumu zaidi ni vile vinavyoonekana safi juu juu. Ukiamua kwamba waondoke kwanza wote wanaofanya kazi nusu siku, na ikawa karibu wote ni wanawake, umebagua bila kutaja jinsia.

Vigezo vikishakubaliwa, watu wawili wawapime wanakundi kila mmoja peke yake, angalau mmoja wao awe anawafahamu kikazi, kisha walinganishe alama na kuandika sababu ya kila tofauti kubwa. Baada ya majina kutoka, yatazameni upya kwa jicho la mtu mwenye shaka. Je, viongozi wote wa tawi la chama wamo? Wajawazito wote? Wote waliowahi kulalamika kuhusu meneja fulani? Mkiona jambo la namna hiyo, rudini kwenye alama kabla barua hazijatoka. Kisha kila aliyechaguliwa aitwe, aoneshwe alama zake na apewe nafasi ya kusahihisha. Mara nyingi huibuka cheti ambacho hakikuwekwa kwenye faili, au tarehe ya kuajiriwa iliyoandikwa upya pale mkataba ulipohuishwa.

Yanabaki malipo, ambayo hayataki maelezo mengi. Sheria ya 2004 iliweka kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, kwa mtu aliyetumikia angalau miezi 12. Yule mtunza ghala wa miaka 9, akiwa na mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 na akifanya kazi siku 6 kwa wiki, mshahara wake wa siku ni shilingi 30,000, hivyo kiinua mgongo chake hakipungui shilingi 1,890,000, mbali na notisi ya siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hajaitumia na cheti cha utumishi. Anayekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala aliyopewa hupoteza kiinua mgongo, kwa hiyo kazi hiyo mbadala itolewe kwa maandishi, pamoja na mshahara wake, kituo chake na siku za kufikiri. Alama za wote waliopimwa, waliobaki na walioondoka, zihifadhiwe pamoja, maana iwapo mgogoro utafika mbele ya Tume, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba usitishaji ulikuwa wa haki, na alama za walioondoka pekee hazitaonesha chochote.