Kupanda Jabal Musa kwa Mzuru Atokaye Lamu

Sisi wa Lamu tumezoea ziara za karibu, kama ile ya kaburi la Habib Swaleh, mwanachuoni wetu, ambayo huendewa kwa miguu bila kutoka mjini, na kwa hiyo anayekusudia kuzuru Jabal Musa, yaani mlima wa Nabii Musa, kusini mwa Sinai nchini Misri, hana budi kujiandaa kwa mambo mawili tusiyokuwa nayo kisiwani: urefu wa mita 2,285 na baridi kali. Miezi ya Desemba hadi Februari theluji huweza kuanguka huko, na kanzu juu ya kikoi haitafaa kitu. Chukua sweta ya sufu, koti, soksi nzito na viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Kabla ya safari, panda vilima vya mchanga vya Shela kila jioni kwa mwezi mzima, kwani mchanga hukaza miguu kuliko barabara.

Lala usiku mmoja katika mji wa Saint Catherine, ulio karibu na mlima, kisha uondoke mnamo saa 8 usiku ukiwa na tochi, maji na kiongozi wa Kibedui, ambaye huko ni sharti. Njia ni mbili. Ile ya ngamia ni ndefu lakini ya taratibu, na huishia penye ngazi 750 hivi za mawe. Nyingine ni ya ngazi tupu, zinazosemekana kuwa 3,750, zilizojengwa na watawa. Mimi nashauri upande kwa njia ya ngamia na ushuke kwa ngazi kukiwa kumekucha, maana gizani magoti hulipa gharama.

Tia udhu kabla ya kuondoka, kwa kuwa njiani maji ni ya kununua. Kileleni pana kanisa dogo na msikiti mdogo, na atakayeswali Alfajiri hapo akumbuke kwamba kibla, ambacho Lamu tunakielekea kaskazini, huko kiko kusini-mashariki.

Ukishuka, ingia katika monasteri, yaani makao ya watawa, iliyojengwa kwa amri ya mfalme Justinian wa Rumi katika karne ya 6, ambamo mnara wa msikiti umesimama kando ya mnara wa kengele. Kwa kawaida hufunguliwa asubuhi tu, na hufungwa Ijumaa na Jumapili, basi panga siku zako mapema. Nguo ziwe za stara. Alasiri itakutosha kuzuru kuba la Nabii Harun, lililo karibu, na lile la Nabii Saleh, ambalo huhitaji gari.