Namna ya Kuitazama Saa Tata ya Mkono Iliyosanifiwa Upya

Saa ya mkono ya kimakanika yenye kazi nyingi inaposanifiwa upya, watu wengi huikimbilia orodha ya mambo yaliyoongezwa, wakahesabu vipande, wakataja bei, kisha wakadhani wameiona. Njia hiyo humnyima mtazamaji raha iliyo kubwa zaidi, kwa sababu toleo jipya ni jibu, na jibu halimwingii mtu asiyelijua swali. Kwa hiyo, kabla hujaigusa saa mpya, tafuta picha na maelezo ya toleo lililoitangulia, uyasome bila haraka, kisha uandike kwenye karatasi mambo mawili au matatu ambayo saa ile ya zamani ilishindwa kuyafanya, au iliyafanya kwa taabu. Karatasi hiyo ndiyo utakayokuwa nayo mkononi unapoitazama mpya.

Kazi ya ziada, kwa lugha ya mafundi, ni jambo lolote ambalo saa hulifanya kupita kuonyesha saa, dakika na sekunde: kalenda ya kudumu inayoijua miezi mifupi na miaka mirefu, kronografu ya kupimia muda, mwezi unaokua na kupungua, au nyundo ndogo zinazougonga wakati zinapoamriwa. Kila kazi ya namna hiyo hudai nafasi ndani ya kasha, hudai nguvu ya springi, na hudai mahali pa kusomeka usoni. Madai hayo matatu hayaishi kugombana, na msanifu hawezi kuyaridhisha yote. Basi kila unapoona badiliko, jiulize ni kipi kati ya hivyo vitatu kilichotolewa ili kingine kipatikane.

Anza na uso. Mfano mzuri wa kujifunzia ni ukoo wa saa za kampuni ya Patek Philippe unaounganisha kronografu na kalenda ya kudumu, ulioanza na modeli 1518 mwaka 1941, ukapitia 2499, 3970 na 5970, hadi kufikia 5270 mwaka 2011. Zipange picha za saa hizo katika mstari mmoja. Utaona kwamba madirisha mawili ya siku na mwezi yamebaki palepale chini ya namba 12, na duara la tarehe lenye picha ya mwezi ndani yake limebaki kwenye namba 6 kwa miaka 70. (Ninazitaja namba kama zilivyokaa kwenye uso wa saa, wala si kama tunavyozisoma kwa Kiswahili.) Sasa vitazame viduara viwili vya pembeni: katika 5270 vimeshuka kidogo chini ya mstari wa katikati. Sababu yake iko ndani ya kasha. Mpaka 5970, kampuni ilitumia mitambo ambayo msingi wake ulitoka kwa watengenezaji wengine, Valjoux kwanza na Lemania baadaye, ilhali 5270 ilipewa mtambo wa nyumbani, CH 29-535, ambao ekseli zake zimekaa mahali tofauti. Toleo moja la 5270 lilikuwa na mstari wa sekunde uliopinda kulizunguka duara la tarehe kwa chini, nao wapenzi wa saa wakaupachika jina la kidevu na kuubishania sana. Mimi kidevu hicho sikipendi, lakini ni kosa lenye faida kwa mwanafunzi, kwa kuwa linaonyesha waziwazi mahali ambapo vitu viwili viligombea nafasi moja na hakuna kilichokubali kuondoka.

Usidhani, hata hivyo, kwamba uso usiobadilika ni dalili ya uvivu. Saa ya Lange 1 ya kampuni ya A. Lange & Söhne, iliyotokea mwaka 1994, ilipewa mtambo mpya kabisa mwaka 2015, na mtu akiwekewa matoleo hayo mawili mezani huenda asiweze kuyatofautisha. Ili kuuona usanifu mpya inabidi uingojee saa sita ya usiku, maana katika toleo jipya tarehe kubwa yenye madirisha mawili huruka mara moja wakati huo. Springi inayoirusha tarehe ile hukusanya nguvu kidogokidogo, na nguvu hiyo huchukuliwa kutoka mahali palepale panapoendesha mwendo wa saa, hivyo kazi ngumu ya msanifu ni kuiiba bila mwendo kuyumba. Ukipata nafasi ya kuliona tukio hilo, tazama tarehe kwa jicho moja na mshale wa sekunde kwa jicho jingine, kama tunavyosema.

Jambo la nguvu linaonekana wazi zaidi katika Datograph ya kampuni hiyohiyo. Ya kwanza, ya mwaka 1999, ilikuwa na upana wa milimita 39 na akiba ya nguvu, yaani muda wa kwenda bila kujazwa ufunguo tena, ya saa 36. Toleo la mwaka 2012, liitwalo Up/Down, lilipanuka hadi milimita 41, likapata akiba ya saa 60, likaongezewa kipimo cha akiba hiyo kwenye namba 6, na namba za Kirumi zikaondolewa, vijiti vikachukua nafasi zake. Namba hizo usizipite harakaharaka, zibadilishe ziwe maisha. Saa ya kwanza, ikijazwa ufunguo Ijumaa saa kumi na mbili jioni na kuwekwa mezani, husimama Jumapili saa kumi na mbili asubuhi; ya pili huendelea mpaka Jumatatu asubuhi, mwenyewe anapoivaa kwenda kazini. Hapo milimita mbili za ziada hupata maana, na unaweza kuamua kwa haki kama zililipa. Wapo wanaoendelea kuipenda ile ndogo kwa namba zake tatu za Kirumi, nami naelewa kwa nini: uso wake ulikuwa na sura ya mtu, na ule wa pili una sura ya chombo.

Hatua inayofuata ni kuitumia, au kumwomba mwenye saa akuonyeshe jinsi anavyoitumia, kwa sababu mabadiliko mengine hayaonekani mpaka kidole kiguse. Kalenda ya kudumu ni mfano ulio bora. Katika saa nyingi za aina hiyo, ikisimama kwa siku kadhaa, tarehe na siku hurekebishwa kwa kusukuma vitufe vidogo vilivyozama ubavuni mwa kasha, kwa kijiti maalumu, na anayekosea wakati wa kusukuma anaweza kuuharibu mtambo. Mwaka 2025 Audemars Piguet ilitoa mtambo 7138, ambao marekebisho yake yote hufanyika kwa taji, yaani kile kidude cha pembeni cha kutilia saa ufunguo. Ukiitazama picha tu, utaona ubavu laini usio na vishimo, na pengine usijue kwamba ulaini huo ndio habari yenyewe. Kampuni hiyo mwaka 2018 ilikuwa imeonyesha saa ya majaribio yenye kalenda ya kudumu ambayo kasha lake lilikuwa na unene wa milimita 6.3 tu, baada ya ghorofa tatu za mtambo kulazwa na kuwa moja. Zote mbili ni kalenda, lakini ya kwanza inamhurumia mtumiaji na ya pili inashindana na unene, kwa hiyo zipime kwa mizani mbili.

Lipo pia swali la kile kilichopotea. Ulysse Nardin Freak ya mwaka 2001 haikuwa na taji wala mishale ya kawaida: mtambo wenyewe ulizunguka na kuonyesha dakika, wakati ulirekebishwa kwa kuuzungusha ukingo wa juu, na ufunguo ulitiwa kwa kuuzungusha mgongo wa kasha. Freak X ya mwaka 2019 ilirudishiwa taji, jambo lililoifanya iwe rahisi kutumia na kuipunguzia wazimu uliompa mzazi wake jina. Freak One ya mwaka 2023 ikaliondoa tena. Ukizifuata saa hizo tatu kwa mpangilio, unasikia kama mazungumzo ya watu wasiokubaliana chumbani.

Kisha igeuze saa, utazame mgongo kwa lenzi. Hapa nenda polepole. Tafuta kingo za madaraja ya mtambo, yaani vibamba vinavyoshikilia magurudumu yake, uone kama zimechongwa mshazari na kung'arishwa, na zaidi ya yote tafuta pembe za ndani, pale kingo mbili zinapokutana kama kona ya chumba. Mashine ya kukatia huacha kona ya mviringo. Kona kali hutokana na mkono wa fundi na patasi ndogo. Linganisha toleo la zamani na jipya katika jambo hilo hilo moja, kwa kuwa mara nyingine mtambo mpya una madaraja mapana zaidi na kona chache, na mtu huuita wa kisasa bila kutambua kwamba kazi ya mkono imepungua.

Kuhusu mwezi, swali ni fupi: gurudumu lake lina meno mangapi? Lenye meno 59 hukosea siku moja kila baada ya miaka miwili na nusu na ushei. Lenye meno 135 huchukua miaka 122. Madini ya kasha na idadi ya saa zilizotengenezwa hazihitaji kukuchelewesha.

Saa inayogonga dakika iachie mwisho, na uitegee sikio ukiwa chumba kimya. Iombwe igonge wakati mshale wa saa umebakiza dakika moja kufika namba 1, kwani hapo hugonga mara 12 kwa saa, robo tatu kwa sauti za jozi, na dakika 14. Sikiliza kwanza vipindi vilivyo kati ya mapigo kama vinalingana, halafu sikiliza kilicho nyuma yake: vidhibiti vya zamani vya mwendo wa mapigo vilikuwa na mvumo kama wa mdudu, na vile vipya vimekaribia kunyamaza kabisa. Katika Supersonnerie ya mwaka 2016, Audemars Piguet ilizifunga nyaya za sauti, zile zinazopigwa na nyundo, kwenye bamba la kuvumisha lililo peke yake badala ya kuzifunga kwenye mtambo, na ndiyo maana saa hiyo husikika vizuri zaidi ikiwa imevaliwa kuliko nyingi za zamani, ambazo ngozi ya mkono huzimeza sauti. Ukiruhusiwa, isikilize mara mbili, mara ya kwanza ikiwa mezani na mara ya pili ikiwa mkononi.