Kusafisha chumvi ya mawe na kuyapata maji yake

Chumvi ninayonunua kwenye mashamba ya chumvi hapa Bagamoyo huja na mchanga na tope. Naikaushia samaki, kwa hiyo huisafisha kwanza.

Chemsha maji lita moja, tia chumvi gramu 300, koroga. Maji huzivuta chembe za sodiamu na kloridi na kuzitenganisha, mpaka usione punje hata moja. Haijapotea, onja. Usizidishe: lita moja hubeba gramu 360 hivi tu, na moto hauongezi sana. Mchanga wenyewe hauyeyuki. Acha utulie saa nzima, kisha chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne.

Injika kwenye sufuria ya chuma cha pua. Ya alumini huliwa na chumvi. Yakichemka, inamisha mfuniko baridi juu yake, ukinge matone kwa bakuli. Funga mkono kitambaa, mvuke unaunguza! Yakipoa yaonje: hayana chumvi kabisa, maana kinachopanda ni maji peke yake.

Baadaye utaona utando mweupe juu, kisha fuwele ndogo za mraba zikizama. Hapa mimi sibanduki jikoni. Usikaushe mpaka tone la mwisho, kwani maji machache yanayobaki yana magnesiamu, na ndiyo yanayoleta ule uchungu ulimini. Yamwage, uanike fuwele juani.

Chumvi hii ni ya samaki. Ya mboga nunua yenye madini joto, hasa nyumba ikiwa na mjamzito au watoto.